Kukompaili maktaba ya kodeki kutoka msimbo chanzo: maana yake hasa

Fremu moja ya video ya 1920 kwa 1080, kabla haijabanwa, ina baiti 3,110,400 kwa mpangilio wa rangi unaotumika zaidi. Fremu 25 kwa sekunde ni karibu MB 78, na dakika moja inakaribia GB 4.7. Hakuna simu wala bando linalostahimili mzigo huo. Kinachotuokoa ni kodeki, yaani utaratibu wa kuibana video inapohifadhiwa na kuifungua inapotazamwa.

Maneno mawili hapa huchanganywa sana. H.264 ni kiwango: waraka uliotoka mwaka 2003 unaoeleza data iliyobanwa iweje ili kifaa chochote kiweze kuisoma. x264 ni maktaba inayofanya kazi yenyewe ya kubana kwa kufuata waraka huo, na inatunzwa chini ya VideoLAN, mradi uleule wenye VLC. Tunaiita maktaba kwa sababu programu nyingine huiazima. FFmpeg, programu ya kubadilisha na kuchakata video, kwa mfano, haina msimbo wake wa kubana kwa ubora huo, hivyo huikabidhi x264 fremu na kupokea zilizobanwa.

Msimbo wa x264 uko wazi kwa kila mtu chini ya leseni ya GPL. Lakini msimbo huo ni maandishi, na kichakataji hakisomi maandishi, kinatekeleza maelekezo ya namba. Kukompaili ni kuyageuza maandishi hayo kuwa maelekezo ambayo kichakataji cha aina fulani kinayaelewa. Ndiyo maana faili lililokompailiwa kwa kompyuta ya Intel haliendi moja kwa moja kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo yenye kichakataji cha aina ya ARM, ingawa msimbo chanzo ni uleule.

Wengi huanza kazi hii wakiamini kwamba x264 waliyojijengea wenyewe itakuwa na kasi zaidi, kama nguo iliyopimwa na fundi inavyomkaa mtu kuliko ya dukani. Kwa maktaba hii imani hiyo haina nguvu. Sehemu zake nzito, zile zinazolinganisha vipande vya picha mara mamilioni, hazikuandikwa kwa lugha ya C bali kwa asembli, lugha iliyo karibu kabisa na maelekezo ya kichakataji. Zimeandikwa kwa matoleo kadhaa, mengine ya SSE2, mengine ya AVX2, mengine ya AVX-512 (haya ni makundi ya maelekezo ambayo baadhi ya vichakataji vinayo na vingine havina), na yote huingia ndani ya faili moja. Programu inapowashwa ndipo inapokagua kichakataji na kuchagua toleo linalokifaa. Hata iliyokompailiwa na watu wa Debian au Ubuntu, mifumo endeshi ya Linux, hufanya hivyo. Sababu ya kweli ya kujikompailia ni nyingine: unataka toleo jipya kuliko lililo kwenye hazina ya mfumo wako, au unataka chaguo ambalo waliokujengea hawakuliwasha.

Kwenye Ubuntu unahitaji kwanza vifaa: `sudo apt install build-essential nasm git pkg-config`. Kisha unavuta msimbo kwa `git clone --depth 1 https://code.videolan.org/videolan/x264.git`. Usiache `--depth 1` kama unalipia intaneti kwa MB, kwa sababu bila hiyo utashusha historia yote ya mradi tangu mwanzo.

Uamuzi wote umo katika hatua ya `./configure`. Hapa hakuna kinachokompailiwa bado. Hati hiyo ya amri inaikagua kompyuta yako, inatafuta kompaila na vifaa vingine, kisha inaandika mpango wa ujenzi. Kama huna nasm, kifaa kinachogeuza asembli kuwa maelekezo ya kichakataji, ya toleo la 2.13 au zaidi, kwenye Intel na AMD itasimama na kukuambia hivyo, na itakutajia `--disable-asm` kama njia ya kupita. Usiipite njia hiyo! Ujenzi utakamilika vizuri, kisha utakuwa na kodeki inayobana kwa mwendo wa konokono, maana zile sehemu za asembli zote zimeachwa nje. Sakinisha nasm urudi. Kwenye vichakataji vya ARM nasm haihitajiki, kompaila yenyewe inatosha.

Jambo la pili la hatua hiyo lilinigharimu jioni nzima. `./configure` tupu hukujengea programu ya terminali peke yake, na `make install` haitaweka maktaba popote. Ukitaka maktaba ni lazima useme: `--enable-static` kwa ile inayomezwa ndani ya programu inayoitumia, au `--enable-shared` kwa ile inayokaa peke yake na kuazimwa na programu nyingi. Mimi nilikuwa naitafuta libx264 kila folda, na haikuwahi kujengwa.

Baada ya hapo, `make -j$(nproc)` inafanya ukompaili wenyewe kwa kutumia viini vyote vya kichakataji, na `sudo make install` inanakili matokeo kwenye `/usr/local`. Kama ulichagua ya kuazimwa, malizia kwa `sudo ldconfig` ili mfumo uandike upya orodha ya maktaba unazozijua. Bila hiyo unaweza kuambiwa faili halipo ilhali unaliona kwa macho yako.

Kwa kawaida FFmpeg uliyo nayo haitaitumia maktaba yako mpya yenyewe tu. Nayo inabidi ikompailiwe kwa `--enable-gpl --enable-libx264`. Lile la kwanza ni suala la leseni: FFmpeg kwa kawaida iko chini ya LGPL, leseni yenye masharti mepesi kuliko GPL, na ikiibeba x264, yote inakuwa ya GPL, kwa hiyo ukiigawa kwa wengine lazima msimbo chanzo wake upatikane pia.

Jina la maktaba ya kuazimwa hubeba namba, kama `libx264.so.164`. Siku namba hiyo ikibadilika, FFmpeg iliyojengwa juu ya ile ya zamani itaendelea kudai ya zamani hadi uikompaili upya. Na kwa kuwa apt haijui chochote kuhusu ulichokiweka kwenye `/usr/local`, itunze folda ya msimbo: ukiwa ndani yake, `sudo make uninstall` ndiyo itakayoiondoa x264 bila kuacha mabaki.