Alaimenti ya magurudumu ya mbele: maana yake, na sehemu unayoweza kuipima mwenyewe

Tairi la mbele likiliwa upande mmoja hadi kubaki kipara, huku upande wa pili meno bado yamesimama, usikimbilie kulaumu tairi. Mara nyingi tatizo ni alaimenti, yaani namna magurudumu yanavyoelekea na yanavyoegemea gari linapokuwa barabarani.

Mafundi hupima pembe tatu. Kemba huonekana ukilitazama gari kwa mbele: je, gurudumu limelalia ndani au nje kwa upande wa juu? Kasta huonekana ubavuni. Ni mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia linapokata kona, na ndiyo inayosaidia usukani kurudi katikati ukiuachia. Ya tatu ni tou. Simama wima, elekeza vidole vya miguu ndani: umebana mbele. Vielekeze nje: umetanuka mbele. Magurudumu ya gari nayo hukaa hivyo hivyo.

Tou ndiyo inayostahili kujulikana na kila mwenye gari, kwa sababu inamaliza tairi haraka na inapimika kwa tepu ya kawaida. Kemba, kwenye magari mengi madogo yenye shokapu za mtindo wa MacPherson (shokapu na springi zimeunganishwa pamoja), haina hata mahali pa kurekebishia kutoka kiwandani.

Chukua tairi lenye kipenyo cha sentimita 60. Ikiwa umbali kati ya magurudumu mawili ya mbele, ukipimwa mbele yake na nyuma yake, unatofautiana kwa milimita 6, kila tairi limepinda milimita 3 kutoka kwenye njia yake. Kinaonekana kitu kidogo, lakini maana yake ni kwamba katika kila kilomita moja kila tairi linaburuzwa kiubavu mita 5 hivi juu ya lami. Zidisha kwa safari za mwezi mzima. Magari mengi ya kawaida hutakiwa kuwa kati ya 0 na milimita 3 za kubana mbele; kipimo cha gari lako kimo kwenye kitabu chake.

Usukani kutetemeka ukifika mwendo fulani, hilo kwa kawaida ni suala la balansi (uzito wa gurudumu kutolingana pande zote), wala alaimenti haitaliponya. Gari kuvuta upande mmoja nako kuna sababu nyingi: upepo wa matairi usiolingana, breki inayokamata, au kemba na kasta kutofautiana kushoto na kulia.

Kabla ya kupima, nyanyua gurudumu, weka stendi (usiliamini jeki peke yake), kisha shika tairi kushoto na kulia ulitikise, halafu juu na chini. Likicheza, tafuta tairodi endi (ncha ya tairodi, fimbo inayougeuza gurudumu kutoka kwenye usukani), boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka) au beringi iliyokufa uibadilishe kwanza. Kurekebisha alaimenti juu ya vifaa vilivyochoka ni kutupa pesa. Shimo la kwanza tu litavuruga kila kitu.

Sasa shusha gari kwenye sakafu iliyo sawa, jaza upepo unaotakiwa, weka usukani katikati, kisha lisukume mbele mita chache ili springi na bushi zitulie. Usilirudishe nyuma. Kwa nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye usawa wa habu (kitovu cha gurudumu), piga alama ya chaki katikati ya meno. Wawili mshike tepu, mpime kutoka alama hadi alama. Sukuma gari mbele hadi alama zile zile zije upande wa mbele kwa kimo kile kile, mpime tena. Kutumia alama zile zile kunaondoa udanganyifu wa rimu iliyopinda kidogo. Chini ya gari kukizuia tepu, shusha kimo, mradi kilingane mbele na nyuma. Kipimo cha nyuma kikiwa kikubwa, magurudumu yamebana mbele. Kikiwa kidogo, yametanuka.

Marekebisho hufanyika kwenye tairodi. Legeza nati ya kufungia, zungusha tairodi robo mzunguko tu, upande wa kushoto na wa kulia kwa kiasi sawa, sukuma gari, pima upya. Mzunguko mmoja mzima unaweza kuhamisha tou kwa milimita kadhaa. Tairodi zikiwa nyuma ya ekseli, kuzirefusha kunabana magurudumu mbele. Zikiwa mbele ya ekseli, ni kinyume chake. Kipimo kikikubali, kaza nati barabara kabla ya kuondoka.

Jaribu gari kwenye barabara iliyonyooka. Likienda sawa lakini usukani umekaa upande, refusha tairodi moja na kufupisha ya pili kwa kiasi kile kile. Usukani utarudi katikati na tou haitabadilika.