Komeo la Chuma Halina Baridi Kuliko Mlango wa Mbao: Dhana Potofu Kuhusu Joto Katika Vitu Yabisi

Alfajiri ya Julai mjini Dodoma, halijoto inaposhuka hadi karibu nyuzi 13 za Selsiasi, anayeshika komeo la chuma kisha akagusa ubao wa mlango huohuo yuko tayari kuapa kwamba chuma kina baridi zaidi. Dhana hii imeota mizizi kuliko nyingine zote. Ukweli ni kwamba komeo na ubao vilivyokesha mahali pamoja vina halijoto moja, na kipimajoto kitathibitisha hivyo. Kinachotofautiana ni kasi ya joto kutoka mkononi, ambao ngozi yake kwa kawaida ina nyuzi zipatazo 30. Chuma hulichukua joto hilo na kulisambaza upesi ndani yake, kwa hiyo mahali panapoguswa hubaki na baridi na kuendelea kudai joto zaidi. Ubao hulipitisha kwa shida, hivyo uso wake hupata vuguvugu mara moja na mkono ukatulia. Vyote viwili vikiwa na nyuzi 60, mambo hugeuka, na chuma ndicho kitakachounguza. Ngozi, basi, si kipimajoto cha kuaminika. Wala baridi haiingii mwilini, kwa sababu kinachosafiri ni joto tu, nalo hutoka penye halijoto kubwa kwenda penye halijoto ndogo.

Kwa hoja hiyohiyo, blanketi halitengenezi joto. Hewa iliyonaswa katika nyuzi zake hupunguza upotevu wa joto la mwili, na bonge la barafu likifungwa kwa blanketi hilo huchelewa kuyeyuka.

Wengine huamini kwamba joto hupanda juu daima, hata ndani ya nondo. Kinachopanda ni hewa au maji yaliyopata moto. Katika kitu yabisi atomu hazihami: zile zenye moto hutetemeka kwa nguvu na kuzisukuma jirani zake, kama abiria waliobanana ndani ya daladala wanavyopokezana kikumbo bila yeyote kuacha nafasi yake. Msukumo huo huenda upande wowote wenye halijoto ndogo, ukiwemo wa chini.

Metali zina msaada wa ziada, yaani elektroni huru zinazobeba joto kwa haraka, ingawa si kweli kwamba zote zinalingana. Kwa kipimo cha upitishaji wa joto, yaani wati kwa mita kwa kila digrii, shaba hufikia karibu 400 na alumini karibu 235, lakini chuma kisichoshika kutu huwa karibu 15 tu. Wala si kweli kwamba kisichopitisha umeme hakiwezi kupitisha joto vizuri. Almasi, ambayo kwa kawaida haina elektroni huru, huipita shaba mara kadhaa, kwa kuwa atomu zake zimefungamana kwa uthabiti mno. Vipo hata vifaa vya kutambua almasi vinavyotegemea sifa hiyo.

Dhana iliyo karibu zaidi na maisha ya huku kwetu inahusu nyumba. Husemwa kwamba tembe la Wagogo huwa na ubaridi mchana kwa sababu udongo haupitishi joto. Udongo wa ukutani hulipitisha, tena mara kadhaa kuliko mbao. Siri iko katika unene na uzito: ukuta na paa la udongo huhitaji joto jingi ili halijoto yake ipande, kwa hiyo wimbi la joto la mchana huchukua saa nyingi kufika ndani, nalo hufika wakati usiku wa nyanda hizi, zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, umeshaanza kupoa.

Kuhusu joto la nyumba zilizoezekwa kwa bati, lawama hutupiwa chuma, nami naona si haki. Bati huwa na unene usiofika milimita moja, kiasi kwamba hata plastiki nyembamba hivyo ingepitisha joto la jua bila kizuizi cha maana. Uso wa chini wa bati ukishapata moto, hulirusha joto kwa mnururisho, yaani bila kuhitaji kugusana, hadi kwa waliomo chumbani. Kununua bati nene zaidi, basi, hakuondoi tatizo hilo. Dari lenye nafasi ya hewa juu yake, pamoja na matundu ya kuitoa hewa hiyo ikishapata moto, huleta nafuu kubwa zaidi.