Vifaranga vya samaki kutoka Morogoro hadi Mbeya: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wafugaji wengi wa Iringa, Njombe na Mbeya hununua vifaranga vya sato mabondeni, mara nyingi upande wa Morogoro, kisha huvipandisha mlima Kitonga hadi kwenye bwawa jipya. Vikifa, lawama huangukia barabara au muuzaji. Mara nyingi kilichoua ni maji: yale ya mfukoni, au yale yaliyokuwa yakivisubiri. Ushauri unaopita mdomo kwa mdomo kuhusu maji hayo umebeba makosa yanayogharimu mfuko mzima wa vifaranga kwa mara moja.

"Ukifika, fungua mfuko uwaache wazoee polepole, hata saa nzima."

Tunaanza na hili kwa sababu ndilo linaloua wengi, na linaua huku likionekana kuwa ni huruma. Ndani ya mfuko uliofungwa samaki hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja: hewa ukaa kwa kupumua, na amonia, taka ya mwili wake, kupitia matamvua. Hewa ukaa inapojikusanya, maji huwa na asidi na pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) hushuka, pengine hadi 6.5. Kwa pH hiyo, maji yakiwa nyuzi 25, amonia iliyo katika umbo la sumu haifiki hata asilimia 0.2 ya amonia yote. Iliyobaki ipo, ila haina makali. Kwa hiyo samaki anaweza kusafiri saa 10 katika maji machafu asidhurike sana.

Ukifungua mfuko, hewa ukaa hutoka kwa dakika chache na pH hupanda. Ikifika 8, umbo la sumu linazidi asilimia 5 ya amonia ileile. Hakuna kilichoongezwa majini, lakini sumu imekuwa karibu mara 30. Samaki anayeachwa humo saa nzima "azoee" anaungua matamvua mbele ya macho yako.

Kuzoesha kufanyike mfuko ukiwa bado umefungwa. Uelee juu ya maji ya bwawa dakika 20 hadi 30, kivulini, maana mfuko uliofungwa ukipigwa na jua hupata joto haraka kuliko unavyodhani. Weka kipimajoto bwawani na kingine kiguse ubavu wa mfuko. Tofauti ikizidi nyuzi 3, ongeza muda, usifungue. Ikishapungua, fungua, mimina maji ya bwawa kiasi cha theluthi ya maji ya mfuko, subiri dakika 5, rudia mara moja, kisha inamisha mdomo wa mfuko watoke wenyewe. Wanaosita kutoka, watoe kwa kichujio. Maji yanayobaki mfukoni yamwage shambani, si bwawani.

Saa nayo ina maana yake. Bwawa lenye maji ya kijani hupanda pH hadi 9 au zaidi alasiri, kwa sababu mimea midogo ya majini imetumia hewa ukaa mchana kutwa. Alfajiri pH iko chini, lakini oksijeni nayo imepungua. Panda vifaranga mnamo saa 3 asubuhi. Ukitoka Morogoro usiku, saa hiyo inakukuta Mbeya, na baridi ya usiku imekusaidia njia nzima.

"Jaza maji mengi ili wapate kupumua."

Samaki anapumua oksijeni, na maji hubeba kidogo sana. Usawa wa bahari, maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.2 kwa lita. Mbeya, karibu mita 1,700 juu, maji ya joto lilelile hubeba kama 6.7 tu, kwa kuwa mgandamizo wa hewa ni mdogo. Akiba halisi ni ile hewa iliyo juu ya maji. Mfuko uwe na maji robo au theluthi, na sehemu iliyobaki ijazwe oksijeni ya mtungi, si upepo wa pampu ya baiskeli. Kwanza kamua hewa ya kawaida yote itoke, ndipo uingize mpira wa mtungi.

Ila usiujaze ukakaza kama ngoma. Kutoka Morogoro hadi Mbeya hewa ya ndani hupanuka kwa takriban asilimia 15; ukitokea Dar es Salaam ni zaidi ya asilimia 20. Mfuko uliokazwa bondeni hupasukia milimani au huachia fundo. Ubonyeze kabla ya safari: kidole kizame kidogo. Tumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na pembe za chini zifungwe kwa mpira ili vifaranga visijibane humo. Panga kwenye boksi, si kwenye gunia lililo wazi juu ya keria.

Kuhusu idadi, hesabu kwa uzito. Kwa safari ya saa 10 hadi 12, gramu 50 za samaki kwa lita moja ya maji ni kiasi salama. Mfuko wenye lita 8 hubeba gramu 400: vifaranga 400 vya gramu 1, au 80 vya gramu 5. Wanaosema "mfuko mmoja elfu moja" bila kuuliza ukubwa wanakubahatishia.

"Walishe vizuri kabla ya safari wasife njaa."

Kifaranga hafi kwa kukosa chakula siku mbili. Aliyeshiba hutumia oksijeni zaidi na hujaza mfuko kinyesi na amonia, tuliyokwisha kuieleza. Mwambie muuzaji aache kulisha saa 24 hadi 48 kabla, na avihifadhi kwenye maji safi yanayopita. Ukikuta maji ya mfuko yamechafuka kabla gari halijaondoka, vililishwa. Omba vifungwe upya.

Chumvi ya mezani, gramu 3 kwa lita, inasaidia kweli: samaki wa maji yasiyo ya chumvi akishtuka hupoteza chumvi za mwili. Kwa lita 8 ni kama vijiko vinne vya chai vya usawa.

"Sato anazoea baridi."

Anavumilia tu. Hukua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Chini ya 20 hamu ya kula hupungua, karibu na 16 hukoma kukua, na akifika 10 hadi 12 hufa. Njombe na Makete huingiwa na jalidi Juni na Julai. Kifaranga cha gramu 1 kilichotoka bondeni kwenye nyuzi 28 kisipandwe miezi hiyo. Subiri Septemba au Oktoba, na chimba bwawa lisipungue mita 1 kina. Maji ya kijito yanayopita usiku kucha yanapoza bwawa kuliko hewa yenyewe. Funga mlango wa maji jioni.

"Bwawa jipya ni safi, halina ugonjwa."

La zege ni hatari kuliko la zamani. Saruji mbichi hutoa chokaa, na pH hupita 10. Jaza, acha siku tatu hadi tano, mwaga, sugua, rudia mara tatu, kisha pima. Panda ikiwa chini ya 9. Udongo wa milimani nao mara nyingi una asidi, na bwawa la udongo huhitaji chokaa ya kilimo kilo 10 hadi 20 kwa mita 100 za mraba, wiki mbili kabla. Maji ya bomba yenye klorini yakae wazi siku moja au mbili.

"Kambale hafi njiani."

Mkubwa ana kiungo cha kupumulia hewa. Kifaranga mchanga bado hajaota kiungo hicho, na wakubwa humla mdogo ndani ya mfuko. Wachambue kwa ukubwa.

"Wakiogelea siku ya kwanza, kazi imekwisha."

Magamba yaliyochubuliwa na wavu huota utando mweupe kama pamba siku ya tatu hadi ya tano. Usilishe siku ya kwanza. Toa wafu kila asubuhi na waandike, maana vifo vya saa za mwanzo huonyesha kosa la maji, na vya siku ya nne huonyesha kosa la mikono.

"Waliozidi wamwage mtoni."

Hapana. Maji ya Iringa na Usangu hushuka Rufiji, kwenye perege wa asili ambao sato huzaliana nao na kuwaharibu uzao. Ya Rungwe na Kyela huingia Ziwa Nyasa, lenye perege wasiopatikana kwingineko. Ziwa Chungruru, shimo la volkano huko Rungwe, lina aina yake ya perege isiyopatikana kwingine duniani, nayo iko hatarini kutoweka. Weka wavu wa matundu madogo kwenye bomba la kutolea maji kabla hujaingiza kifaranga wa kwanza, na waliozidi mpe jirani mwenye bwawa lililo tayari.