Oman nako waliandamana

Wengi husema vuguvugu la maandamano ya nchi za Kiarabu la mwaka 2011 liliangusha marais wa Tunisia na Misri huku nchi za Kiarabu zenye wafalme zikilala usingizi. Wenye ndugu Muscat, mji mkuu wa Oman, wanajua si kweli.

Februari 2011, vijana wa mji wa bandari wa Sohar walikusanyika kwenye kiplefti chenye sanamu ya tufe la dunia wakidai ajira, mishahara bora na mawaziri wala rushwa waondolewe. Polisi walifyatua risasi, mtu akafa. Ajabu ni kwamba baadhi ya waandamanaji walishika picha za Sultan Qaboos, mtawala wa Oman: hasira ilikuwa kwa mawaziri, si kwa kiti chake.

Sultani akaahidi ajira 50,000 na riali 150 kwa mwezi kwa wasio na kazi, akapangua baraza la mawaziri, na Oktoba akaliongezea Baraza la Shura, la wawakilishi wanaochaguliwa na wananchi, mamlaka ya kutunga sheria. Kauli ya mwisho alibaki nayo mwenyewe, na waandamanaji kadhaa walifungwa. Kwangu hayo ni mageuzi nusu.

Mei 2021, chini ya Sultan Haitham aliyemrithi Qaboos, Sohar iliandamana tena. Dai lilikuwa lilelile: ajira.