Cream: ugomvi unaosikika kwenye besi

Watu wakisimulia jinsi Cream, bendi ya roki ya Uingereza ya miaka ya 1960, ilivyovunjika, huanza na tabia: Ginger Baker wa dramu mkali, Jack Bruce wa besi mbishi, Eric Clapton wa gitaa yuko katikati anaamua ugomvi. Sibishi, tabia zilikuwepo. Lakini mimi ni fundi mitambo wa sauti. Miaka mingi nimekaa nyuma ya mikseri nikiwasikiliza wanamuziki wakianza kugombana kabla wenyewe hawajajua kuwa wanagombana. Mpiga besi anaongeza sauti kidogo, mpiga dramu anapiga kwa nguvu zaidi, solo naye anapanda, na kufika wimbo wa nne hakuna anayemsikia mwenzake. Nikiweka rekodi za Cream za mwaka 1968 nasikia jambo hilohilo, ila limefanywa na watu wenye vipaji vya ajabu.

Tuanze na wawili waliokuwa nyuma. Baker na Bruce hawakukutana Cream. Walikuwa pamoja London katika bendi ya Graham Bond Organisation, na wote wawili mizizi yao ilikuwa jazi. Bruce alikuwa Mskoti aliyesomea selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, na hilo ukishalijua unalisikia kila mahali. Mpiga besi wa kawaida hutafuta noti ya msingi, akaikalia, akaungana na ngoma ya mguu ili wengine wapate pa kusimama. Bruce hakukaa. Besi yake iliongea, ikajibu, ikauliza, ikapanda juu kwenye eneo la gitaa la solo na kurudi. Kwa Baker, aliyeamini kwamba mwenye mapigo ni yeye, huo ulikuwa uvamizi. Mwenyewe Bruce alisimulia kwamba siku moja wakiwa jukwaani Baker alimrushia vijiti vya dramu kichwani, naye akalitupa besi lake kubwa la kusimama juu ya dramu. Mwaka 1965 Baker alimfukuza Bruce kwenye bendi.

Sasa fikiria mwaka uliofuata. Baker anamfuata Clapton, ambaye wakati huo yuko kwenye bendi ya bluzi ya John Mayall na jina lake ni kubwa kuliko la mpiga gitaa yeyote mjini, anamwomba waanzishe bendi. Clapton anakubali kwa sharti moja: mwimbaji na mpiga besi awe Jack Bruce. Walikuwa ndani ya gari, Baker akiendesha, na inasimuliwa kwamba nusura aliingize mtaroni. Lakini alimeza. Alijua kama Clapton alivyojua kwamba hakuna besi nyingine Uingereza yenye uwezo ule.

Bendi ikaanza kuonekana hadharani mwishoni mwa Julai 1966. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu; tatizo la Cream ni kwamba kila figa lilitaka kuwa chungu. Hakukuwa na gitaa la ridhimu, hakukuwa na kinanda. Ule uwazi ambao kwenye bendi nyingine hujazwa na watu wawili au watatu zaidi, wao waliujaza kwa kupiga mengi, wote kwa pamoja. Sikiliza rekodi za jukwaani kwenye albamu ya Wheels of Fire, zilizonaswa San Francisco Machi 1968. Usimfuate Clapton, ingawa ni vigumu kutomfuata. Shika besi, kisha ngoma mbili kubwa za miguu za Baker. Kuna sehemu wanakwenda kama mtu mmoja mwenye mikono minne na mwili unasisimka. Halafu kuna sehemu Bruce anatangulia kwa unywele mmoja, Baker anamvuta nyuma, na gitaa linaning'inia kati yao. Kwenye Crossroads, rekodi inayosifiwa kuliko zote, Clapton mwenyewe amewahi kueleza kwamba haipendi kwa sababu anasikia mapigo yamegeuka, yaani wamekosea hesabu ya mapigo. Wasikilizaji wengi hawajali. Mimi nadhani ana haki, na bado siachi kuisikiliza.

Suala la mitambo halipewi uzito unaostahili. Cream walikuwa miongoni mwa bendi za kwanza kupanga jukwaani amplifaya za Marshall za wati 100, kila moja juu ya makabati mawili, kila kabati lina spika nne za inchi 12. Clapton alikuwa nazo upande wake, Bruce upande wake. Baker alikuwa na mikono na miguu yake. Siku zile monita za jukwaani, zile spika zinazomgeukia mwanamuziki ili ajisikie na kuwasikia wenzake, zilikuwa bado hazijawa kitu cha kawaida. Dramu haina kitufe cha kuongezea sauti. Mpiga dramu aliyezidiwa na amplifaya ana njia moja tu, kupiga kwa nguvu zaidi, na akifika mwisho wa nguvu zake hubaki na hasira. Baker alilalamika hadi uzeeni kwamba kelele za mwaka 1968 zilimharibu masikio, na kwamba ndizo zilizoiua bendi. Namwamini. Clapton naye alisimulia kwamba kuna onyesho aliacha kabisa kupiga, akasimama tu, na wenzake wawili wakaendelea bila kugundua. Kwa fundi mitambo hiyo ni habari ya kuumiza, kwa sababu kwa vyombo vya leo jambo hilo lingerekebishwa kabla onyesho halijaanza.

Pesa nazo ziliingia, kama kawaida. Wimbo ukipigwa redioni, malipo ya utunzi huenda kwa aliyeandikishwa kama mtunzi, yaani mwenye melodi na mwenye maneno. Melodi nyingi za Cream zilikuwa za Bruce, na maneno mengi ya mshairi Pete Brown, ambaye hakupanda jukwaani nao. Baker alidai kwamba ule mwanzo wa wimbo wa White Room, wenye mapigo matano pale sikio linapotegemea manne, ni wazo lake. Ondoa mapigo hayo uone kinachobaki. Lakini wimbo umeandikishwa kwa majina ya Bruce na Brown, na Baker alibeba kinyongo hicho miaka yote. Kwa kawaida ya biashara ya muziki, kupanga mapigo peke yake hakuhesabiwi kuwa kutunga. Kwangu mimi hapo Baker alidhulumiwa, hata kama hakuna aliyevunja sheria, na wapiga dramu na tumba wa bendi za dansi za hapa kwetu wanalijua donda hilo vizuri.

Tarehe 26 Novemba 1968 walipiga maonyesho mawili Royal Albert Hall, London, wakaagana. Walikuwa wamedumu miaka miwili na ushei. Baker baadaye alivuka Sahara kwa gari hadi Lagos, akapiga na Fela Kuti na kujenga studio huko. Ukisikia albamu waliyorekodi pamoja iliyotoka 1971, unamsikia mtu tofauti: yuko katikati ya wapiga ngoma wengi, kila mmoja ameshika kipande chake kidogo, na hakuna anayemfukuza mwenzake.

Mei 2005 wakarudi Royal Albert Hall kwa siku nne. Amplifaya zilikuwa ndogo kuliko zile za zamani, jukwaa limetulia, na besi na dramu zinasikika zikipeana nafasi. Bruce alikuwa ametoka kwenye ugonjwa mzito wa ini, Baker viungo vilimuuma, na pengine hilo nalo lilisaidia. Nilifurahi kama mtoto. Oktoba mwaka huohuo wakaenda New York, Madison Square Garden, siku tatu. Kwa maelezo ya Baker, huko Bruce alimgeukia mbele ya ukumbi mzima na kumfokea. Walikuwa wanagombania ukubwa wa sauti. Hawakupiga tena pamoja. Bruce alifariki 2014, Baker 2019.