Asubuhi ya kuzimua: maswali kuhusu pombe, furaha na ubongo

Dodoma ni mkoa wa zabibu, na mvinyo umelipa ada za watoto wengi Hombolo na Makutupora. Hata hivyo, maswali haya huja kila watu wakikaa kuzungumzia pombe.

Mbona nikinywa nasikia furaha kweli?

Hujidanganyi, unaisikia. Ubongo una kemikali za kuchochea na za kutuliza. Pombe huipa nguvu ya kutuliza, gaba, na kuibana ya kuchochea, glutameti. Wasiwasi unalegea. Ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayokuambia "hilo usiseme", nayo inalegea. Dopamini inapanda.

Dopamini si ndiyo kemikali ya furaha?

Wengi huiita hivyo, na naona jina hilo linapotosha. Mwanasaikolojia wa Marekani, Kent Berridge, ameonyesha kwamba kutamani kitu na kukifurahia ni mambo mawili, na dopamini iko zaidi upande wa kutamani. Ndiyo maana mtu anaweza kuwahi kilabuni saa mbili asubuhi kufuata komoni, na ukimwuliza kama bado ina raha, anatikisa kichwa. Hamu imekua, raha imepungua.

Kwa nini nikizimua mikono inaacha kutetemeka?

Ubongo unaotulizwa na pombe kila siku hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuzidisha uchochezi. Pombe ikiisha mwilini, uchochezi unabaki peke yake. Unatoka jasho, moyo unakwenda mbio, usingizi unakata. Ukizimua unapata nafuu ya saa chache tu. Kuumwa kichwa baada ya sherehe ni jambo jingine; mikono inayotetemeka kila asubuhi hadi unywe ni dalili ya uraibu.

Basi niache leo hii?

Kama ndivyo ulivyo, tafadhali usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Degedege linaweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa na kuona visivyokuwepo, na hali hiyo huweza kuua. Nenda kituo cha afya usaidiwe kwa dawa. Hapa mjini tuna Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe. Najua jina hilo watu wamelifanya tusi, na inauma, maana mgonjwa anayeogopa kuchekwa hachelewi kujificha.

Nikiacha, furaha nitaitoa wapi?

Wiki za mwanzo huenda usiione, na usingizi unaweza kusumbua kwa miezi. Ubongo unajirudi polepole. Saa za jioni ulizokuwa kilabuni ndizo ngumu kuliko zote, kwa hiyo mtafute mapema ndugu au jirani wa kukaa naye saa hizo.