Jimbo la uchaguzi lililofutwa: Little Bow ya Alberta ilikuwa nini, na imekwenda wapi?

Anayefuatilia siasa za Kanada hukutana mara kwa mara na maneno "jimbo la zamani la uchaguzi". Mtu anaweza kudhani ni mahali palipohamwa au palipomezwa na bwawa. Sivyo. Watu wapo, ng'ombe wapo, ngano inavunwa kila msimu. Kilichoondoka ni mpaka uliochorwa kwenye ramani, na kiti kimoja bungeni kilichokuwa kikijazwa na waliomo ndani ya mpaka huo.

Kabla ya kwenda mbali, neno "jimbo" lenyewe lina mtego. Mtanzania wa leo akisikia jimbo anafikiria mbunge. Mkenya atasema eneo bunge, maana kwake majimbo ni ule ugomvi wa katiba wa miaka ya 1960. Na wazee waliokulia Tanganyika ya mkoloni wanakumbuka Jimbo la Ziwa na Jimbo la Kusini, ambayo yalikuwa sehemu za utawala. Kanada ina mambo yote mawili: sehemu kubwa za utawala 10, kila moja na serikali na bunge lake, na ndani ya kila sehemu hiyo maeneo madogo yanayochagua mbunge mmoja mmoja. Hapa nitaiita Alberta mkoa, nikijua fika kwamba ni mkoa wenye mamlaka ambayo mikoa yetu haijawahi kuyaota, na eneo linalozidi kidogo theluthi mbili ya Tanzania. Neno jimbo nitaliacha kwa kile kinachochagua mbunge. Mkazi wa Alberta, kwa hiyo, ana wabunge wawili: mmoja Ottawa, kwenye bunge la taifa, mwingine Edmonton, kwenye bunge la mkoa. Little Bow ilikuwa jimbo la huyu wa Edmonton.

Jina limetokana na mto mdogo wa kusini mwa mkoa. Jimbo lilianza na uchaguzi wa 1913, katika nchi ya nyasi na ngano kati ya Calgary na Lethbridge. Mipaka yake ilisogezwa mara kadhaa, lakini tabia yake haikubadilika: mashamba makubwa, nyumba mojamoja zilizo mbali mbali, na vimji vilivyoota kando ya reli, Vulcan kikiwa ndicho kinachojulikana zaidi. (Leo Vulcan ina sanamu ya chombo cha anga za juu kwa sababu jina lake linafanana na la sayari ya kwenye filamu. Zamani sifa yake ilikuwa maghala ya nafaka.) Katika uchaguzi ule wa kwanza walipiga kura wanaume tu. Wanawake wa Alberta walipata haki hiyo 1916, na wenyeji wa asili waliosajiliwa chini ya sheria ya Kanada iliyowaita "Wahindi" (si watu wa India) wakasubiri hadi 1965 kupiga kura za mkoa.

Cha ajabu kuhusu Little Bow ni jinsi ilivyokuwa ngumu kubadilisha mtu. Tangu 1921 hadi 1992, miaka 71, ilikuwa na wabunge watatu tu.

Wa kwanza kati ya hao ni Oran McPherson wa United Farmers of Alberta, chama cha wakulima kilichoingia madarakani 1921 kwa hasira dhidi ya wanasiasa wa mjini. Akawa Spika wa bunge la mkoa kuanzia 1922 hadi 1926, kisha waziri wa kazi za umma. Halafu ukaja mdororo wa uchumi, bei ya ngano ikaanguka, na ukame juu yake. Mhubiri wa redio aitwaye William Aberhart akazunguka akiahidi kila mtu mzima dola 25 kwa mwezi. Mwaka 1935 chama chake cha Social Credit kikazoa viti 56 kati ya 63, na wale wakulima hawakubakiwa na hata kimoja. McPherson akaondoka pamoja na wenzake. Little Bow ikamchukua mchungaji Peter Dawson, naye akawa Spika tangu 1937 mpaka alipofariki mwaka 1963 akiwa bado kitini.

Katika kipindi hicho, kupiga kura shambani kulikuwa tofauti na tunavyojua sisi. Chaguzi za 1926 hadi 1955 mpiga kura wa mashambani hakuweka alama moja. Aliandika 1 mbele ya anayempenda zaidi, 2 kwa wa akiba, 3 kwa anayefuata. Sema wagombea ni watatu na hakuna aliyevuka nusu: wa mwisho anatolewa, karatasi zake zinafunguliwa upya, na kila karatasi inakwenda kwa yule aliyeandikiwa 2. Serikali iliyofuata ya Social Credit iliufuta utaratibu huo 1956. Wapinzani walilalamika kwamba ulifutwa kwa sababu ulianza kuwasaidia wao, na sioni sababu ya kuwabishia sana.

Baada ya Dawson akaja kijana wa miaka 27, Raymond Speaker. Ndiyo, jina lake la ukoo maana yake ni Spika. Watangulizi wake wawili walikalia kiti cha Spika bila kuwa na jina hilo, yeye akawa na jina bila kiti. Alikaa miaka 29, na humo ndani alivaa nembo nne. Alianza na Social Credit, na hata chama hicho kilipoangushwa 1971 baada ya miaka 36 ya kutawala, yeye hakuanguka. Mwaka 1982 aligombea bila chama, akashinda wakati chama tawala cha Progressive Conservative kikichukua viti 75 kati ya 79. Mwaka 1984 akaunda chama kidogo cha Representative, akarudi nacho bungeni 1986. Mwaka 1989 akajiunga na chama tawala chenyewe na kupewa uwaziri. Watanzania wana msemo wao kwa hili, kuunga mkono juhudi, lakini huko mbunge akihama chama hapotezi kiti kama ilivyo Tanzania au Kenya. Mimi nasoma rekodi hiyo hivi: watu wa Little Bow walikuwa wanamchagua Ray, na chama kilikuwa koti tu.

Barry McFarland aliingia kwa uchaguzi mdogo wa 1992 na kukaa miaka 20. Mwaka 2012 kiti kikaenda kwa Ian Donovan wa Wildrose, chama cha mrengo wa kulia chenye mizizi mashambani. Novemba 2014 Donovan akahamia chama tawala. Safari hii koti halikusamehewa: 2015 wapiga kura wakairudisha Wildrose kupitia Dave Schneider, na huyo ndiye mbunge wa mwisho wa jimbo hilo.

Hakuna mpiga kura aliyeamua Little Bow ife. Iliuawa na hesabu. Tume ya mipaka ya 2017 iligawa idadi ya watu kwa viti 87 ikapata wastani wa watu 46,697 kwa kila jimbo, na kwa kawaida sheria ya Alberta hairuhusu kupita asilimia 25 juu au chini ya wastani. Calgary na Edmonton zilikuwa zinafura, mashamba yanatumia mashine kubwa na watu wachache. Mjumbe mmoja wa tume aliandika maoni ya kupinga, akiwatetea watu wa mashambani. Hoja yake tunaijua hata huku: mbunge wa mjini anamaliza jimbo lake kwa daladala, wa shambani anaendesha gari nusu siku kufika mkutanoni. Katiba ya Kenya inaikubali hoja hiyo kwa kuruhusu tofauti ya asilimia 40 kwenye maeneo yenye watu wachache.

Mipaka mipya ilianza kutumika kwenye uchaguzi wa Aprili 2019. Watu wa Vulcan walipofika kituoni siku hiyo, jimbo lao liliitwa Cardston-Siksika, nusu ya jina ikitoka kwenye mji ulio karibu na mpaka wa Marekani.